Simiti imegandia kwenye mawe ya Mazeras, naitoaje bila kuyaharibu mawe?

#1 MkaziMtwapa
Wakuu hamjambo. Niko Mtwapa. Mwaka jana nilitandika mawe ya Mazeras nyuma ya nyumba, kama mita 40 za mraba, yale ya rangi mchanganyiko, manjano kwa kahawia na mengine yanaelekea zambarau. Nilijinyima mno kuyapata. Wiki tatu zilizopita nikamwita fundi apige plasta ukuta wa ua. Nikamwambia kabisa, tandaza turubai kabla hujakoroga. Nikaenda kazini.

Kurudi jioni nimelikuta turubai limekunjwa vizuri, amelifanya mto wa kulalia mchana. Simiti kaikorogea juu ya mawe.

Sasa nina doa la kijivu ukubwa wa mkeka, madonge madogomadogo kuelekea mlangoni, na nyayo za ndara zake. Hata maandishi ya chini ya ndara yanasomeka. Nimepiga maji ya presha, wapi. Nimesugua kwa sabuni ya unga, wapi. Jirani mmoja anasema nimwage asidi. Mwingine anasema nikimwaga asidi nitalia. Nani amewahi kupatwa na haya?

#2 Kaptula_Nyeusi
Picha mkuu. Tunataka kuisoma hiyo ndara.

#3 TindoNaNyundo
Pole. Mimi ni fundi, Dar, nina miaka 19 kwenye kazi hii. Kabla hujagusa dawa yoyote, toa kwa mkono kile kinachotoka kwa mkono. Chukua tindo pana, usiisimamishe, ilaze iwe karibu kulala juu ya jiwe, gonga pole kwa nyundo ndogo ukiingilia pembeni ya donge. Madonge yataruka kama kokwa. Ukisimamisha tindo utatoboa jiwe.

Angalizo: hayo mawe yenu bapa yana matabaka kama maandazi ya kukunja. Ukigonga kwa hasira linabanduka tabaka zima na doa lake. Kwa doa tambarare lililolala kama rangi, tindo haina kazi, hapo ndipo habari ya dawa inaanza. Na ungekuja hapa siku ile ile ningekwambia ndoo ya maji na ufagio tu. Saruji inaendelea kukaza kila siku, mafundi tunahesabu siku 28 ndipo tunasema imekomaa. Wewe uko siku ya 21.

#4 Mnyalu_Asilia
Simiti ndiyo nini? Ni simenti.

#5 Bi_Mwanaisha
Ni saruji, mwanangu. Simenti ni ya kwenu, simiti ni ya Mombasa, saruji ni ya kwenye mfuko.

#6 Mnyalu_Asilia
Kwenye mfuko wangu wameandika "cement", shangazi. 😂

#7 BosiWaGeti
Mnazunguka sana. Tindikali. Kikombe kimoja ndani ya vikombe kumi vya maji, mwaga, subiri ichemke, sugua, suuza. Nimesafisha hivyo pevingi, yale matofali ya zege ya uani, ya nyumba mbili. Nusu saa kazi imekwisha.

#8 Mswahili_Seeb
Bosi, umeongea kuhusu pevingi. Mwenzio ameuliza mawe. Niko Oman miaka kumi na kitu, kazi yangu ni marumaru. Kuna kijana mgeni aliona tone la simiti kwenye ngazi ya marumaru ya mteja, akachukua dawa ya choo, ile ya chupa yenye shingo iliyopinda, akatia. Tone lilitoka kweli. Na mng'aro ukatoka nalo. Likabaki duara jeupe kama mtu kaweka glasi ya maziwa, ukipitisha kidole unahisi limezama. Tulisaga ngazi nzima kwa mashine ya pedi za almasi siku mbili, kwa sababu ukisaga duara peke yake linaonekana kuliko doa.

Asidi kwenye jiwe la chokaa ni kujichoma mkuki mwenyewe.

#9 BosiWaGeti
Sasa Mazeras ni marumaru?

#10 Chaki_Ubaoni
Nimefundisha kemia sekondari, naomba niwatenganishe #7 na #8, maana wote wamesema kweli, kila mmoja kwa jiwe lake.

Simiti iliyokauka imejaa chokaa. Asidi inaila chokaa, povu linatoka, inalegea. Lakini marumaru, mawe ya matumbawe na mawe mengine ya chokaa nayo ni kalsiamu kabonati, yaani chakula kile kile. Asidi haiwezi kujua hii ni simiti ya fundi na hili ni jiwe la mwenye nyumba. Inakula vyote.

Mazeras ni jiwe la mchanga. Chembe zake nyingi ni kwatsi, yaani madini magumu ya mchanga, na asidi hii ya kawaida ya haidrokloriki haiifanyi kitu kwatsi. Swali ni gundi iliyoshika chembe. Gundi ikiwa ya kwatsi, uko salama. Ikiwa ya chokaa, asidi itakula gundi na jiwe litaanza kumwaga mchanga. Ikiwa ya chuma, ndipo panapokuja mambo ya rangi.

Mleta mada, una kipande kilichobaki? Kamulia ndimu, utazame kama kuna vipovu.

Na nyote mnaofikiria asidi ya betri: hapana. Ile ni salfyuriki. Ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, na jasi haiyeyuki kwa urahisi. Utaondoa doa la kijivu ubandike utando mweupe.

#11 MkaziMtwapa
Asante mwalimu. Nina vipande kama sita nyuma ya tangi. Nimekamua ndimu: juu ya jiwe kimya kabisa. Juu ya simiti yenyewe vipovu vidogo vinatoka, lazima uiname sana ndio uvione. Mke wangu ameniuliza ninaonja nini uani.

#12 Mwambamaji
Ndimu ni dhaifu, isikudanganye. Kwaruza jiwe kwa msumari upate unga kidogo, halafu tia tone la asidi yenye nguvu kwenye ule unga. Kuna mawe ya jamii ya chokaa ambayo yakiwa mazima yananyamaza, yakiwa unga ndiyo yanasema.

Pia "Mazeras" ni jina la sokoni. Ukanda ule wa nyuma ya Mombasa wote ni mawe ya mchanga, wanajiolojia wanauita wa Duruma, na umepangwa matabaka yaliyopewa majina ya sehemu zenyewe: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Mtu wa lori anakuletea ya popote anakwambia Mazeras. Kwa hiyo jiwe la mwenzako kufaulu jaribio si wewe umefaulu. Na ndani ya mita 40 zako unaweza kuwa na mawe ya mashimo mawili tofauti. Hizo rangi zote ulizozitaja, manjano, kahawia, zambarau, kwa sehemu kubwa ni chuma. Likumbuke hilo.

#13 Kaptula_Nyeusi
Mwambamaji anaongea kama mganga. "Likumbuke hilo."

#14 Dereva_wa_Mixa
Mbona hakuna aliyetaja sukari? Sisi wa zege tunajua, sukari ni adui wa simenti. Kiganja cha sukari kwenye karai na zege halishiki. Mixa ikitufia njiani, tunatia sukari kwenye pipa ili zege lisigandie humo. Kwa doa lako tafuta molasi ile ya kulishia ng'ombe, changanya na maji ya moto, loweka gunia, laza juu ya doa, funika na nailoni lisikauke. Siku nne. Nilifanya kwenye sakafu ya mawe ya kanisa la kwetu, utando mwembamba ulilegea nikautoa kwa brashi.

#15 TindoNaNyundo
Sukari inazuia isishike. Ikishashika imeshika. Ni kama kumkataza bwana harusi baada ya ndoa.

#16 Dereva_wa_Mixa
Nimesema utando mwembamba. Sijasema nguzo.

#17 Chaki_Ubaoni
Dereva ana hoja ndogo. Sukari hushikana na kalsiamu na kuivuta kwenye maji, hata kwenye simiti iliyokauka, ila polepole na juu juu tu. Kwa siku nne kwenye utando wa unene wa karatasi, inawezekana. Kwa donge, utangoja mpaka ustaafu.

#18 Bi_Mwanaisha
Na sisimizi je? Mimi niliwahi kumwagikiwa na sharubati barazani, nikahamwa.

#19 Mnyalu_Asilia
Soda nyeusi nayo si ina asidi? Nimeona video mtu anamwagia simenti.

#20 BosiWaGeti
Ina asidi ya fosforiki kidogo. Kunywa, kisha tumia nguvu utakazopata kusugua.

#21 MtuWaLeicester
Niko Uingereza, nafanya kazi za bustani. Huku watu wengi wanatandika mawe ya mchanga kutoka India, na tatizo lenu ndilo letu kila kiangazi. Kuna asidi ya kusafishia matofali, ila tahadhari nilizojifunza ni hizi. Lowesha jiwe kwanza mpaka lishibe maji, ili asidi ibaki juu isinyonywe ndani. Fanya sehemu ndogo. Usiiache ikauke. Suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Na nimeshaona jiwe la kijivu safi likageuka rangi ya machungwa mbele ya macho yangu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na chuma kimetulia, asidi ikakiamsha. Mteja alilia. Sasa hivi natumia unga wa asidi ya salfamiki, ni mpole zaidi na haufuki moshi. Huko sijui kama mtaupata madukani kirahisi.

#22 Mama_Pacha
Naongeza la usalama maana wanaume mnapenda kusema "mwaga". Asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, maji yasimiminwe kwenye asidi. Glavu, miwani, viatu vya kufunika, si ndara. Na msichanganye na jiki hata tone, ni gesi ya klorini hiyo, utaondoka wewe doa libaki.

Jingine: mume wangu alibakiza nusu chupa akaifunga vibaya, akaiweka stoo. Asubuhi bawaba za mlango, misumari iliyokuwa kwenye kopo, panga, baiskeli ya mtoto, vyote vimevaa kutu kama vimelala baharini mwaka. Chupa haikumwagika, ni mvuke tu.

#23 MkaziMtwapa
Nimerudi na habari, na si nzuri sana.

Jumamosi nilinunua asidi kwenye duka la vifaa, chupa haina lebo ya maana, maji yake ya manjano kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Nikachanganya moja kwa kumi kama #7. Nikalowesha mawe kama #21. Nikavaa buti za mvua za shemeji yangu. Nikamwaga sehemu ya mita moja.

Ilichemka! Povu la kijivu lenye ukijani, sauti kama mafuta ya samaki kwenye karai, na harufu inayokata pua. Nikasugua kwa brashi ya waya, dakika tano, nikasuuza kwa mpira. Simiti imetoka kama robo tatu, nyayo za ndara zimefutika zote isipokuwa kisigino kimoja. Nilifurahi nikamwita mke wangu.

Jumapili asubuhi mawe matatu yamegeuka rangi ya machungwa. Si yote, ni mabaka, kama mtu kamwaga chai. Na pembeni ya viungo kumetoka unga mweupe ambao haukuwepo. Nimeusuuza, ukapotea. Jua lilipowaka ukarudi.

Nimeharibu?

#24 Mswahili_Seeb
Nilisema.

#25 Mwambamaji
Nami nilisema likumbuke hilo. Chuma cha ndani ya jiwe kimeyeyushwa na asidi, kikapanda na unyevu, kimefika juu kimekutana na hewa kikawa kutu. Ndiyo maana imechukua usiku mmoja kuonekana.

#26 TindoNaNyundo
Subiri Mwambamaji. Umeisoma sehemu ya brashi ya WAYA? Nyuzi zile zinasagika, vipande vidogo vinabaki kwenye vinyweleo vya jiwe, na asidi imevisafisha vikabaki chuma kitupu. Usiku umande, asubuhi kutu. Nimeona mara nyingi kwenye tarazo. Angetumia brashi ya nailoni tusingekuwa hapa.

#27 Chaki_Ubaoni
Ninyi wawili mmeruka kitu kiko wazi. Asidi ilikuwa ya manjano. Haidrokloriki safi haina rangi, ni kama maji. Ile ya viwandani yenye manjano mara nyingi manjano yake ni chuma. Amemwaga chuma juu ya jiwe lake kwa pesa yake mwenyewe.

#28 Mwambamaji
Ingekuwa ni asidi, mita nzima ingekuwa ya machungwa. Amesema mawe matatu tu.

#29 Chaki_Ubaoni
Hayo matatu yana vinyweleo vingi zaidi. Yamekunywa zaidi.

#30 TindoNaNyundo
Au ndiyo aliyoyasugua zaidi. Mleta mada, uliyasugua yapi kwa nguvu?

#31 MkaziMtwapa
Yaliyokuwa na simiti nyingi. Ndiyo hayo matatu.

#32 Kaptula_Nyeusi
Hahaha, kila mtu kashinda.

#33 Chumvi_Munyu
Mmesahau ule unga mweupe. Huo si simiti. Ukiutia maji unapotea, jua likiwaka unarudi, hiyo ni chumvi inayotoka chini. Simiti ikiloweshwa inabaki pale pale. Kalamba kidogo uone (kabla ya asidi, si baada!). Mtwapa visima vingi maji yana chumvi. Alisuuza kwa maji ya wapi?

#34 MkaziMtwapa
Kisima. Ndiyo, yana munyu kidogo.

#35 BosiWaGeti
Au ni chokaa ya simiti aliyolazia mawe chini. Amelowesha mpaka "jiwe lishibe", maji yameshuka, yamepanda na chokaa. Pevingi mpya zote zinafanya hivi, miezi sita inaisha yenyewe.

#36 Chaki_Ubaoni
Inaweza pia kuwa zao la asidi yenyewe. Asidi ikila simiti inaacha kloridi ya kalsiamu, chumvi inayopenda unyevu. Asiposuuza vya kutosha inabaki kwenye viungo. Ila hiyo kwa kawaida huacha mahali palowe zaidi kuliko paupe, kwa hiyo kwenye hili sibishani na Chumvi_Munyu.

Wengine huku humalizia kwa maji yenye magadi ya kuokea kidogo ili kuzima asidi iliyobaki, halafu wanasuuza tena. Kwa maji ya tangi la mvua ukiwa nayo.

#37 Yakhe_Malindi
Mie nipo Unguja, Malindi ya Mji Mkongwe, si ile yenu ya Kenya. Nawasoma tangu asubuhi nacheka. Huku kwetu simiti kwenye jiwe si doa, ni ugonjwa. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, kuta zinapumua. Anakuja mtu na pesa zake anaona lipu ya chokaa imemomonyoka, anapiga simiti juu. Miaka michache unyevu umekosa pa kutokea, chumvi inajaa nyuma ya simiti, lipu inavimba, inaanguka na kipande cha jiwe mgongoni. Na kuitoa hiyo simiti hakuna cha asidi, maana jiwe lenyewe ndilo litakaloyeyuka kwanza. Ni tindo na subira, ukucha kwa ukucha. Mji umeingia urithi wa dunia 1995 lakini watu bado wanapiga simiti.

#38 Mpwani_Halisi
2000, yakhe. Zanzibar 2000, Lamu 2001. Sisi Lamu tuliwafuata nyuma mwaka mmoja tu msituringie.

#39 Yakhe_Malindi
Haya, 2000. Lamu hamna magari ya kubeba simiti, ndiyo maana mmesalimika.

#40 Mpwani_Halisi
Punda anabeba. Na anaibeba kweli. Babu yangu alikuwa mwashi wa chokaa, alikuwa akiona mfuko wa simiti barazani kwa mtu hapiti njia ile. Chokaa ikidondoka juu ya jiwe unaifuta na kitambaa kesho yake. Simiti ndiyo hii mpaka watu wa Leicester wanaitwa.

#41 Mama_Pacha
Turudi kwa mleta mada. Ana mabaka.

#42 Mnyalu_Asilia
Si ageuze mawe? Upande wa chini uje juu.

#43 TindoNaNyundo
Upande wa chini una simiti aliyolazia mawe. Atakuwa ametoka doa moja kwenda mawe mazima ya simiti. Ndiyo maana nyumba zenu Iringa hazikauki.

#44 MtuWaLeicester
Kwa kutu, huku tunatumia asidi ya oksaliki, inavutana na chuma na kukitoa. Ni sumu ikimezwa, watoto na mbwa wakae mbali. Na usiitumie kabla hujamaliza simiti yote, kwa sababu ikikutana na chokaa inaacha nayo utando mweupe. Jaribu kipande cha nyuma ya tangi, usijaribu tena uwanjani. Hilo ndilo kosa lako, si asidi. Una vipande sita vya majaribio, ukajaribia kwenye mawe uliyojinyima.

#45 KijanaWaJuja
Mimi nasema achana nayo. Kwangu Juja fundi aliacha rangi ya simiti kwenye mawe ya njia, nilikasirika mwezi mzima. Mvua mbili za masika, watoto, mbuzi, gari, sasa hivi hata nikikuonyesha huoni. Kijivu kinakwisha chenyewe. Rangi ya machungwa ndiyo sijui.

#46 Bi_Mwanaisha
Na fundi mwenyewe yuko wapi? Mbona hatuulizi swali hilo? Ulimlipa?

#47 MkaziMtwapa
Shangazi, nilikwepa kusema. Ni binamu ya mke wangu. Buti za mvua nilizovaa ni zake.

#48 Kaptula_Nyeusi
😂😂😂 Aliyelala juu ya turubai ni shemeji! Uzi umepata maana.

#49 Bi_Mwanaisha
Basi hilo doa halitoki. Nasema kwa uzoefu.

#50 MkaziMtwapa
Wiki mbili baadaye. Nimefuata #44, nimepanga vipande vinne nyuma ya tangi, nikavipaka simiti, nikaviacha vikauke siku kumi, kisha kila kimoja na dawa yake. Kuvisuuza nimetumia maji ya mvua.

Cha kwanza, asidi ile ya manjano na brashi ya waya. Cha pili, asidi ile ile na brashi ya plastiki ya kuoshea ndoo. Cha tatu, nimepata asidi isiyo na rangi kutoka kwa jamaa wa maabara ya shule, brashi ya plastiki. Cha nne, molasi na gunia, siku nne chini ya nailoni.

Cha kwanza kimegeuka machungwa, kama uwanjani. Cha pili kimegeuka pia, ila kidogo. Cha tatu ni safi isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa manjano unaofuata mshipa wa jiwe, kama umechorwa kwa rula. Cha nne hakina kutu hata kidogo, lakini simiti imebaki nusu, nimeikwaruza kwa kijiko ikatoka unga. Sisimizi walikuja siku ya pili. Unga mweupe hakuna kwenye kipande chochote.

#51 TindoNaNyundo
Cha kwanza kwa cha pili, tofauti ni brashi tu. Ushahidi.

#52 Chaki_Ubaoni
Cha pili kwa cha tatu, tofauti ni asidi tu. Ushahidi.

#53 Mwambamaji
Na mshipa wa cha tatu ameuchora nani? Hakuna waya, hakuna asidi ya manjano. Ni jiwe lenyewe.

#54 Dereva_wa_Mixa
Naona hakuna anayetaja cha nne.

#55 Bi_Mwanaisha
Sisimizi nimewataja mimi tangu #18.

#56 Chumvi_Munyu
Maji ya mvua, hakuna unga mweupe. Mimi nimemaliza.

#57 BosiWaGeti
Hujamaliza, vile vipande havijalaziwa simiti chini. Chokaa ingetoka wapi?

#58 MkaziMtwapa
Sasa sikilizeni. Jana shemeji kaja kuchukua buti zake. Kazunguka nyuma ya tangi, kaviona vipande vinne vimepangwa. Kakiinua cha kwanza, kile cha machungwa, kakigeuza juani, akaniambia: "Hiki ndicho kizuri. Mbona usifanye uwanja mzima hivi? Nitakufanyia bei ya jamaa."

#59 Kaptula_Nyeusi
Mkuu. Picha. Tafadhali.